Kofia ya Farasi ya Akiru

Akal amefika leo asubuhi kutoka Lorugum kwa pikipiki ya kukodi, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, na mgongoni amebeba kifurushi kilichofungwa kwa shuka ya marehemu mama yake. Tulimzika huyo mama mwezi uliopita. Nilikwenda, nikakaa na wanawake wenzangu, nikalia pale ilipobidi kulia, kisha nikarudi Lodwar na gari la jioni bila kutoa chozi hata moja la kweli. Sijui kama Akal aliligundua hilo. Ni mtu mzima sasa, ana watoto wake, lakini mimi bado namwona yule msichana mdogo wa magoti yaliyopauka, mdogo wake rafiki yangu Akiru. Amekiweka kifurushi mezani, kati ya birika na sahani ya mandazi, nami nikakipapasa kwa juu. Mikono yangu imeshona karibu maisha yangu yote na ikigusa kitu haihitaji kuambiwa. Niliujua ule mviringo, nikaujua na ule ukingo mdogo wa mbele. "Mama alisema matanga yakiisha tukuletee, dada Asekon," Akal akasema, na vidole vyake vikaanza kufungua fundo. Nikamshika mkono. Nikamwambia angoje, tunywe chai kwanza.

Mambo ya kwetu, nani alimzaa nani, nayaacha. Hayana kazi hapa. Mwaka ninaousema ulikuwa wa miaka ya tisini, kambi ya wakimbizi ya Kakuma ikiwa bado changa, malori yakishusha watu karibu kila wiki, na sisi wasichana tuliomaliza shule Lodwar tukikimbilia huko kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na kazi. Mimi nilipata ya kushona katika karakana ya kituo cha walemavu: mikanda ya viatu vya chuma, pedi za magongo, chochote kinachogusa ngozi ya mtu na kisimuumize. Akiru alifundisha darasa la watoto wadogo katika kituo hichohicho. Tulipanga chumba kimoja mjini, cha matofali ya udongo na paa la mabati, ambacho mchana kilikuwa hakikaliki kwa joto na jioni upepo ulitujazia mchanga ndani ya sufuria. Tulikuwa na vitanda viwili vya fito na kamba, jiko la makaa, ndoo mbili, na kioo kilichovunjika upande ambacho Akiru alikipenda kupita kiasi. Alikuwa mzuri na alijua. Alikuwa na shingo ndefu iliyojaa ushanga aliovalishwa na mama yake, na nywele nyingi, nyingi kuliko za msichana yeyote niliyemfahamu. Alikuwa pia na kifafa.

Nimeishi na kifafa cha Akiru katika chumba hicho na ninaweza kukieleza bila kukizunguka. Alikuwa akinyamaza katikati ya neno, macho yakaenda juu, halafu akaanguka, mahali popote alipokuwa, bila kunyoosha mkono kujikinga. Vidonge vya kliniki vilipokuwepo alianguka mara chache. Vilipokosekana, na vilikosekana sana, alianguka ovyo. Kilichonikera zaidi ni watu. Kwetu wanaamini lile povu la mdomoni linaambukiza, kwa hiyo akianguka sokoni watu wazima wenye akili zao hutawanyika na kusimama mbali wakitazama kichwa cha mtu kinavyogonga mawe. Siku aliyopasuka juu ya nyusi kwenye kona ya benchi la darasa, watoto wote walitoroka mpaka getini, na msimamizi wetu, mtu wa Down Kenya kama tulivyowaita wote waliozaliwa ng'ambo ya Kapenguria, akamwita ofisini. Mimi nilikuwa dirishani, sikujificha hata kidogo. "Mwalimu, mimi sina ubaya na wewe," alisema. "Lakini hiyo sakafu ni simiti. Siku moja nitakuokota umekufa, na nitawaambia nini watu wenu? Tafuta kitu cha kulinda kichwa, au urudi nyumbani upumzike." Akiru alitoka akacheka, akaniuliza kama kichwa hukingwa kwa sufuria au kwa karai. Jioni hiyo hakula. Kurudi nyumbani kupumzika, kwake yeye, kulikuwa kukaa nyuma ya boma akichungwa pamoja na mbuzi mpaka siku atakayoangukia moto.

Aliyeleta kofia alikuwa Hanne, mwanamke Mzungu mrefu aliyewafanyisha wagonjwa wa kituo mazoezi ya viungo, aliyejifunza Kiswahili darasani na kukizungumza polepole na kwa usahihi mpaka unasinzia. Aliagiza kwa watu wake huko Ulaya, na katika sanduku la magongo ikaja kofia yake ya ujana, ya kupandia farasi: ngumu, imevishwa mahameli nyeusi, ina ukingo mfupi mbele na mkanda wa kidevuni. Hakuna mtu Kakuma aliyejua kitu hicho ni nini. Watoto walisema ni ya polisi, wengine ya pikipiki. Nyibol, mama wa Kisudani aliyetuuzia chai karibu na geti, ndiye aliyeuliza mnyama gani. Nikamwambia farasi. Akaigeuza mikononi kwa muda mrefu. "Ya Asekon, farasi mimi naona," akasema. "Inakuja kwetu na watu juu yake. Hao watu hapana vaa kofia. Sisi chini ndio nataka kofia." Akamrudishia Akiru, akammiminia chai, akakataa kulipwa. Nyibol alikuwa na mizaha ya namna hiyo, na ukicheka unajikuta umenyamaza kabla hujamaliza.

Kumbe kofia ngumu haimlindi mtu kwa kuwa ngumu. Humlinda kwa kukaa. Hanne alitufundisha hivyo mchana mmoja katika karakana, Akiru amekalishwa kwenye stuli kama mtoto anayenyolewa. Alizungusha utepe wa kupimia juu kidogo ya nyusi mpaka kisogoni pale palipotokeza, akakunja uso. Akamvika kofia: ikae sawa, isiegemee nyuma kama ya mlevi, vidole viwili tu vya nafasi kati ya ukingo na nyusi. Akaishika akaisogeza huku na huku. "Ngozi ya paji la uso lazima iende pamoja na kofia," alisema. "Kofia ikienda peke yake, si yako." Ikaenda peke yake. Ilikuwa kubwa. Mimi nikaleta sponji haraka, na Hanne akanikataza: sponji laini nyingi hubonyea, kofia hucheza, na ikicheza hugeuka siku ya kuanguka na kuacha kisogo wazi. Aliniruhusu pedi nyembamba tu, nikazivisha pamba ya kanga. Bado ililegea. Ndogo zaidi haikuwepo Kakuma, wala Lodwar, wala pengine popote ambapo gari la Kakuma lingefika. Hanne akaongeza, kana kwamba hatujachoka, kwamba kofia ikishapigwa sana mara moja ndani yake huharibika hata kama nje ni nzima, na mwenyewe hupaswa kununua nyingine. Akiru akamuuliza kwa heshima zote duka liko upande gani wa laga, ule mto wetu wa mchanga mtupu.

Wazo la nywele lilikuwa la Akiru mwenyewe, mbele ya kioo chake. Nilikuwa nikimsuka Jumapili baada ya kanisa, amekaa mkekani kati ya magoti yangu, na chungu cha maharagwe kinachemka. Akaishika misuko miwili iliyokuwa imekamilika, akaizungusha juu ya masikio mpaka nyuma, akaishikilia hapo. "Lete hiyo kitu," akasema. Tukamvika. Niliisukuma kwa kiganja, na nyusi zake zikapanda na kushuka pamoja nayo. Nikasuka upya kichwa chote: misuko minene, bapa, iliyobanwa na kuzungushwa kichwani na kushonewa kwa uzi, bila fundo juu. Jumatatu Hanne akaipima, akaitikisa, akamwinamisha Akiru kichwa kikielekea sakafuni. Haikuondoka. Hakupenda. Alisema nywele zinapaswa kulala chini ya kofia, si kujaza nafasi ya kofia. Lakini alikuwa anatazama sakafu ya simiti kama sisi, na mwishowe akasema sawa, ila nywele ziwe hivi, hivi hasa, siku zote. Akiru, ambaye alikuwa akibadilisha mtindo kila akichoka kujiona, akasema ndiyo. Tangu hapo kila Jumapili ilikuwa ya kichwa cha Akiru. Nilifumua, nikaosha kwa maji ya ndoo, nikapaka mafuta, nikasuka vilevile, nikashona vilevile. Sijawahi kushika kazi nyingine yoyote kwa uangalifu ule.

Ukabaki ushanga. Mkanda wa kidevuni ulipaswa kugusa ngozi, pawe na nafasi ya kupenya kidole na si zaidi, na ushanga wa Akiru ulimfika mpaka chini ya taya. Ulipokuwa shingoni, mkanda ulikaa juu ya shanga na kuteleza. Hanne hakusema avue. Alisema tu kwamba mkanda ukiteleza kofia itaruka. Akiru akavua mzunguko mmoja baada ya mwingine, akauweka wote ndani ya mkebe wa majani ya chai chini ya kitanda, na shingo iliyotokea ilikuwa na rangi nyingine kabisa, laini, ya kitoto. Alilala amejifunika shuka mpaka kidevuni jioni ile, katika joto lile. Mtu asiye wa kwetu hawezi kujua alichovua. Mwanamke wa Kiturkana shingo tupu huwa nayo siku za msiba.

Kwa hiyo mama yake alipokuja kututembelea, na kibuyu cha samli na samaki mkavu wa ziwani amefunga kwenye gunia, hakusalimia hata. Alisimama mlangoni akatazama shingo ya bintiye. "Nani amekufa?" Tukacheka, tukamketisha, tukamweleza. Alikuwa mwanamke mkavu wa maneno, mwenye viganja vigumu kwa kulainisha na kushona ngozi. Aliichukua kofia akaigonga kwa vidole, akainusa ndani, akatia ngumi yake humo. Jumapili alikaa karibu yangu nikisuka, akitazama kila mkunjo. Aliniuliza kwa nini nazungusha nywele badala ya kuziachia zianguke kama za wasichana. Nikamwonyesha. Nilimvika Akiru kofia kabla sijamaliza kuzungusha misuko, nikaisukuma, ikaenda upande. "Bila nywele inamlegea, mama," nikamwambia. Nikamaliza, nikamvika tena, nikaisukuma, ikakataa kusogea. Akajaribu kwa mkono wake mwenyewe. "Inamlegea," akarudia polepole, kama mtu anayeweka kitu mahali atakapokikuta. Nayasema haya yote ili ieleweke kwamba alijua. Kwa miaka mingi hilo ndilo nililolishikilia: kwamba alijua.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya joto, jasho na kuchunguliwa. Mahameli nyeusi na jua la Kakuma havikuwahi kukusudiwa vikutane. Mchana Akiru alitiririkwa na maji mpaka kwenye kola, na akiivua jioni paji la uso lilikuwa na mstari mwekundu uliomwasha usiku kucha. Vijana wa kambini walimpigia saluti. Kanisani alikaa nyuma kabisa. Kuna mwalimu mmoja wa kiume aliyekuwa na mazoea ya kupita kwetu kuomba chumvi. Baada ya kofia chumvi yake haikuisha tena. Akiru alifanya mzaha juu ya hayo yote na mimi nilimwacha afanye, maana usiku nilimsikia akilia. Lakini alianguka kwenye simiti ileile ya darasa, nikakimbia kutoka karakana na kumkuta amelala ubavu, mkanda umekaza, kofia imekaa vidole viwili juu ya nyusi kama ilivyovikwa asubuhi, na kichwa ndani yake kizima. Watoto walikuwa wametoroka kama kawaida. Nikakaa chini nikamshika mkono mpaka alipofumbua macho. Neno la kwanza halikuwa jina langu. "Ilikaa?" akauliza. Nikasema ilikaa. Tangu siku hiyo likawa ndilo swali lake kila alipozinduka, kabla ya maji, kabla ya kuuliza yuko wapi: ilikaa? Nami kila mara nilijibu ilikaa, na kila mara ilikuwa kweli. Msimamizi akaacha kumtazama vibaya. Hanne akamaliza muda wake, akatukumbatia, akaipima kofia mara ya mwisho, akaenda kwao.

Halafu baba yao kina Akiru akafa. Dereva wa pikapu aliyetoka Lorugum alitukuta kwa Nyibol tukinywa chai, akazima injini, na alivyoizima tu nilijua. Akiru hakupiga kelele. Aliuliza kama mama yake amekula. Tulirudi chumbani kumfungia vitu vyake, na hapo nikasema lile ambalo wote wawili tulikuwa tunaliwaza. "Watakunyoa." Kwetu mtu akifa, watoto wake na mjane hunyolewa, na ushanga huvuliwa, ili kifo kisiendelee kuwakaa mwilini. Akiru alikuwa anakunja gauni. "Sisi ni watu wa kanisa," akasema. Nikamwambia kanisa lake liko Kakuma, na ndugu za baba yake wako Lorugum. "Nitawaambia nina kofia. Mama anajua," akasema, "wewe si ulimwonyesha?" Nikamsuka upya ingawa haikuwa Jumapili, nikabana sana, nikashona kwa uzi maradufu, kana kwamba wembe ungeshindwa na uzi. Nyibol akaja na mkate amefunga kwenye kitambaa. "Malesh, pole, bineti," akamwambia. "Nenda, rudi." Pikapu ilipoondoka Akiru alikuwa amekaa nyuma juu ya magunia, kofia kichwani, mkanda umefungwa, ananipungia mkono. Nilikuwa na hofu kubwa na sikuwa na mahali pa kuipeleka.

Yaliyotokea huko niliyasikia baadaye, nimekaa msibani Lorugum, kutoka kwa mashangazi waliokuwa wakizungumza bila kujali nasikia. Akiru alikataa wembe. Aliwaambia akinyolewa kofia italegea, na akaivaa mbele yao awaonyeshe. Ndugu za baba wakasema kama binti mmoja atabaki na nywele, kifo kitachukua njia hiyohiyo kurudi kwa wadogo zake. Mmoja akasema ndivyo mabinti wanavyokuwa wakila chakula cha wakimbizi. Wote wakamtazama mama. Na mama akasema, hivi ndivyo mashangazi walivyolitoa neno lake: "Nywele zitaota. Baba yako hazikwi mara mbili." Akamnyoa kwa mkono wake. Akiru akaendelea kuivaa kofia hivyohivyo, amejaza kitambaa ndani, mkanda ameukaza mpaka ukamchubua. Asubuhi moja alikwenda na Akal kuteka maji kwenye pampu, pale kwenye sakafu ya simiti waliyomwaga wafadhili ili wanawake wasikanyage matope. Akanyamaza katikati ya neno. Wanawake wakatawanyika. Kofia ilirudi nyuma mpaka kisogoni, kitambaa kikatoka, na ilipomaliza kuzunguka ilikuwa imefika kwenye mfereji, peke yake. Akal ndiye aliyebaki naye. Hakufumbua macho kuuliza.

Nilifika wamekwisha kumzika. Mama yake alikuwa ameegemea ukuta wa nyumba, kichwa kimenyolewa upara, shingo tupu, mtu aliyefiwa mara mbili katika mwezi mmoja, na mimi nilipomwona nilihisi chuki safi kabisa, isiyo na huruma ndani yake. Nilimuuliza kofia iko wapi. Sikusema pole. Akasema ipo. Nikamwambia nipe, niirudishe Kakuma, labda itamfaa mtoto mwingine, na hata hilo lilikuwa uongo, nilitaka tu isibaki mikononi mwake. "Ni ya mtoto wangu," akasema, akageuza uso. Nilirudi Kakuma nikakuta mkebe wa ushanga chini ya kitanda. Nyibol alikaa nami jioni zote hizo bila mzaha hata mmoja. Kabla mwaka haujaisha niliacha kazi, nikahamia Lodwar, na kwa muda wote tangu wakati huo, kila nilipokutana na mama yao hospitalini au sokoni, nilimwamkia, nilimnunulia soda, nilimuuliza hali ya mbuzi, na moyoni nilikuwa namwambia: ulijua. Hasira ile ilinifaa sana. Iliniamsha, ilinilaza, ilinikalisha kwenye cherehani. Nilikuwa na mtu wa kumdai Akiru.

Chai imekwisha. Akal ameguguna andazi moja tu. Ninamwambia sasa fungua, naye anafungua, na kofia inatoka imekuwa ya kijivu, mahameli imeliwa na panya upande mmoja, mkanda umekauka kama kamba ya punda. Ninaigeuza. Nilitarajia kuona pedi zangu za kanga, na zipo, zimepauka. Lakini juu yake, kuzunguka ndani yote, kuna misuko. Misuko ya Akiru, minene, bapa, imezungushwa juu ya masikio mpaka kisogoni, uzi wangu maradufu bado uko ndani yake. Imeshonewa kwenye bitana kwa ugwe wa kushonea ngozi, mshono mzito wa wanawake wa zamani, kila tundu limetobolewa kwa msharasi. Imepangwa nilivyoipanga mimi, hakuna mkunjo hata mmoja uliokosewa.

"Alishona lini?" ninamuuliza.

"Baada ya kumzika dada," anasema Akal. "Zile nywele Mama hakutupa, aliweka siku ile ya kunyoa. Kila jioni anakaa nje, anashona, anatoa, anashona tena. Mimi nauliza, Mama, unashonea nani? Anasema, inamlegea."

Ninatazama ukuta. Sina tena mtu wa kumdai. Nimekaa na chuki yangu miaka yote nikiitunza vizuri, na sasa imechukuliwa mezani pangu kati ya birika na sahani, na chini yake hakuna kitu, kuna Akiru tu, amekufa kama alivyokuwa amekufa siku ile. Kungekuwa na nafuu kidogo katika kusamehe, nadhani, kama mwenyewe angekuwepo asamehewe, na kama kweli alihitaji. Ninafikiri jioni zile za Lorugum, ngumi yake ndani ya kofia akipima kichwa ambacho kiko ardhini. Hata yeye hakuomba Akiru arudi. Alitaka ikae.

"Dada," Akal anasema, "wewe ndiye unajua hii mambo. Mimi nimetaka kuuliza tangu nikiwa mdogo." Ananisogezea kofia. "Kama angekuwa ameivaa hivi. Ingekaa?"

Ninatia mkono ndani, ninasukuma kwa kiganja, mbele, kisogoni, juu ya masikio, kama kila Jumapili. Misuko ni migumu na imebana, haibonyei, haichezi. Ninachukua muda wangu, kwa sababu ameuliza swali la kazi na anastahili jibu la kazi.

"Ingekaa," ninamwambia.